Mti Ambao Sikuuchora

Niliporudi kutoka bombani na vikombe viwili vya maji safi, nilikuta mti katika picha yangu.

Sikuwa nimechora mti. Nilikuwa nimeacha mezani kilima, anga ambalo lilikuwa bado na unyevunyevu, na ubavuni mwa kilima sehemu nyeupe ya karatasi ambayo nilikuwa nimeilinda asubuhi nzima kama mtu anavyolinda kidonda kisiguswe. Sasa juu ya ile sehemu nyeupe ulisimama mti mrefu, wa kijani kinachokaribia weusi, na shina lake lilikuwa limekita mahali ambapo mimi najua, mama yangu anajua, na mtaa wetu mzima unajua, kwamba hapana mti. Ulikuwa ungali unang'aa kwa maji. Kileleni ulikuwa umekutana na unyevu wa anga, na rangi ilikuwa ikitambaa polepole kuelekea juu kama moshi wa jiko. Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililoniuma: ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichokuwa nimekipaka mimi.

Nikaweka vikombe mezani kwa kishindo. Kimoja kikamwagika.

"Pole, dada," alisema jirani yangu wa meza, kijana ambaye darasa zima linamwita Redio kwa sababu hajulikani anazimwa wapi. "Mpanda Miti kapita. Kwangu kapanda ziwani. Ziwani, unasikia? Mti uko katikati ya maji kama unaoga."

Mpanda Miti ndilo jina tulilompa mhadhiri wetu wa uchoraji wa rangi za maji. Alikuwa na desturi ya kuzunguka darasani na brashi yake nene, mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani, na kila alipoona nafasi katika karatasi ya mwanafunzi alisimama, akaguna, akainama, na kabla hujavuta pumzi amekwisha kukupandia. Hakuuliza. Daktari, alisema, haulizi jipu kama anaruhusiwa kulitumbua. Ukipita katika ukumbi wa idara yetu utaona picha za wanafunzi wa miaka mingi, na kila moja ina jina lake pembeni, lakini ndani ya kila moja umo mti uleule, umeinama kidogo upande wa kushoto kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani. Wageni husema idara yetu ina mtindo wake. Haina mtindo. Ina mtu mmoja.

Sina budi kumtendea haki, ingawa haki si neno analostahili sana kutoka kwangu: ni yeye aliyenifundisha. Nilifika katika somo lake nikijua kuchora kwa penseli, kwa mistari iliyonyooka na vivuli vilivyopangwa, na rangi za maji zilinidhalilisha. Maji hayana adabu. Nilipopaka anga, anga liliteremka likaingia mlimani. Nilipokimbilia kupaka nyasi kabla udongo haujakauka, kijani na wekundu vilizaa tope, na Redio aliinamia karatasi yangu akaniuliza kama ninachora mandhari au ninapika supu. Mhadhiri alitufundisha kufumba macho nusu, ili tuache kuona vitu tuone mwanga na giza tu. Alitufundisha kuanza na rangi nyepesi kabisa na kungoja, kupaka mara moja na kuondoa mkono. Mtindo wa impreshoni, alisema, hauhesabu majani ya mti. Unauliza: saa hii, kwa mwanga huu, jicho lako limepokea nini? Kisha alitufundisha jambo ambalo nililiandika moyoni: katika rangi za maji, nyeupe haipakwi. Nyeupe huachwa. Ukiipoteza, umeipoteza.

Niliyaamini hayo yote kwa dhati. Niliona kwamba huu ni uchoraji wa watu wakweli, watu wasioongeza chumvi, wanaosema nilichokiona ni hiki na nilikiona kwa muda huu tu. Kwa hiyo alipotuambia kila mmoja achague mandhari anayoifahamu kwa ajili ya maonyesho ya kufunga muhula, sikutafuta maua wala machweo. Nilichagua kilima kilicho nyuma ya mtaa wetu.

Kilima hicho kilikuwa na msitu. Akaja mkandarasi aliyetaka kifusi cha kujengea barabara, akapata ruhusa kutoka kwa watu ambao madirisha yao hayatazami upande ule, akakata miti yote, akachota udongo aliouhitaji, akaondoka. Mvua zilipokuja, kilima hakikuwa na cha kujishikilia. Mjomba wangu, mdogo wake mama wa kuzaliwa tumbo moja, aliyeishi katika chumba chetu cha uani na aliyeniita Profesa tangu sijui kushika kijiko, alitoka na jembe kwenda kuchimba mfereji ili maji yasiingie mlangoni kwa dada yake. Udongo ulimchukua akiwa ameinama. Jembe lilipatikana kabla yake.

Tangu siku hiyo kilima kina kovu, na kabla ya jua kufika utosini, mwanga hulipiga kovu hilo likang'aa likawa jeupe hata macho yakauma. Hicho ndicho nilichokiacha wazi katika karatasi yangu. Sikuwa nimechoka. Sikuwa nimekosa rangi.

"Mwalimu," nikaita. Alikuwa dirishani akiisuuza brashi yake kwa utulivu wa mtu aliyeshiba. "Nani amechora mti huu?"

Darasa likacheka, maana lilikuwa kama swali la nani kaleta mvua.

"Ni mimi, binti. Huna haja ya kunishukuru."

"Sikuwa nakushukuru."

Kicheko kikapungua. Mhadhiri akaja mezani, akatazama kazi ya mkono wake, akaridhika nayo. "Hapa palikuwa na pengo," alisema. "Jicho la mtazamaji likifika hapa linaanguka. Nimelipa mahali pa kushika."

"Nilitaka lianguke."

"Kama hukumaliza, sema hukumaliza. Si aibu."

"Nilimaliza, mwalimu. Nyeupe huachwa. Ni wewe uliyetufundisha."

"Huachwa kidogo! Mchuzi hutiwa chumvi, haumwagiwi gunia." Kicheko kikarudi, na yeye akakipokea kwa kutikisa kichwa. Niliwachukia wote waliocheka, akiwamo Redio, ambaye alijifanya anakohoa.

"Mahali hapa hapana mti," nikasema. "Ilikatwa yote."

"Sisi si wapima ardhi, binti. Hatuchori ramani. Msanii ana ruhusa ya kuongeza na kupunguza."

"Ruhusa hiyo ni yako au yangu? Kwa sababu pembeni pameandikwa jina langu."

Akanitazama kwa mara ya kwanza, namaanisha kunitazama mimi badala ya karatasi. Sauti yake ikashuka, na iliposhuka ndipo iliponitisha. "Picha hii sasa inafaa ukutani. Bila mti isingefaa. Na unajua kwamba isiyotundikwa haina alama, na asiye na alama anarudia mwaka. Nimekuokoa. Fikiri vizuri kabla ya kunikasirikia."

Alipoondoka nilijaribu kuung'oa. Rangi ya maji ikiwa bado mbichi, unaweza kuinyanyua kwa brashi safi na kitambaa: unalowesha, unagandamiza, unalowesha tena. Lakini yeye alikuwa ametumia kijani kile kinachozama ndani ya nyuzi za karatasi na hakitoki. Kila niliposugua, mti ulififia kidogo na karatasi ikaota manyoya, mpaka Redio akanishika kiwiko, safari hii bila mzaha. "Dada, utaitoboa," alisema. "Acha. Huo umeshaota."

Nilibeba picha hadi nyumbani jinsi mtu anavyobeba ushahidi kituo cha polisi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njiani. Mama yangu ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi. Nilimkuta sebuleni akipanga madaftari ya wanafunzi wake, nikayasukuma kando bila hata kumwamkia, nikailaza picha mbele yake.

"Tazama alichonifanyia."

Mama akavaa miwani. Akatazama. Nilimngoja awake. Badala yake aliinua mkono, akaupitisha juu ya ule mti bila kuugusa, kutoka chini hadi juu, na macho yake yakajaa machozi.

"Umeurudisha," alisema.

"Nimerudisha nini?"

"Si ulikuwa hapa? Mdogo wangu akifunga kamba ya nguo hapa, ananiambia, dada, nguo zako zinakauka kwa heshima kuliko za jirani." Akacheka ndani ya machozi. "Ulikuwa umeinama hivihivi."

"Mama, sikuuchora mimi. Ni mwalimu. Hajawahi hata kukanyaga mtaa wetu. Anachora mti huohuo kwa kila mtu, mwenzangu kachorewa ziwani! Ni uongo."

"Basi ni uongo mzuri."

"Uongo ni uongo."

"Ndani ya nyumba ya mtu unamdhuru nani?"

"Unatudhuru sisi!" Sauti yangu ilipanda, nami sikuishusha. "Watu watakuja kwenye maonyesho, watu wakubwa, pengine hata waliotoa ile ruhusa, watatazama kilima chetu wataona kiko salama, kina mti, kinapendeza. Watasema, kumbe hakuna kilichoharibika. Na chini yake limeandikwa jina langu, mama. Mimi ndiye nitakayekuwa nimewaambia hivyo."

"Wewe kilima hicho unakwenda kukitazama ukiwa na karatasi yako, kisha unarudi chuoni," mama alisema taratibu. "Mimi nikifungua dirisha la jikoni, ndicho kinachonitazama. Kila siku ya Mungu. Kama mtu amenipa mti mmoja wa kutazama badala yake, uniache niutazame."

"Kwa hiyo tujidanganye?"

Mama akapiga meza kwa kiganja, madaftari yakaruka. "Usinifundishe msiba wangu! Mdogo wangu alikuwa wangu kabla hajawa mjomba wako. Na mwalimu akisahihisha, mwanafunzi hanuni. Hiyo nimewaambia watoto wa watu tangu hujazaliwa, na leo nakwambia na wewe."

Alitafuta msumari katika droo, akavua kiatu, akaupigilia ukutani kwa kisigino, akatundika picha mbele yangu. Tulikula kila mtu akitazama sahani yake. Nilikuwa na hasira na mhadhiri kwa kunipora picha, na hasira na mama kwa kumpokelea mwizi mali, na chini ya hizo mbili nilikuwa na hasira ya tatu ambayo sikuipatia mtu wa kumtupia: kwamba mama alikuwa na haki ya kuupenda mti ule, nami nilikuwa na haki ya kuukataa, na nyumba ilikuwa ndogo mno kwa haki zote mbili.

Kesho yake nilirudi kilimani na karatasi mpya.

Wanaosema kwamba hasira huzaa sanaa hawajajaribu kuchora wakiwa nayo mkononi. Nilikaa juu ya mabaki ya msingi wa chumba cha uani, kilichobomolewa na udongo siku ile, nikabandika kingo za karatasi kwenye ubao, nikaanza, na kila kitu kikaharibika. Niligandamiza brashi kama ninayesugua sufuria. Anga likatoka na mistari kama ukuta uliopakwa na fundi wa haraka. Nililowesha tena sehemu iliyokwisha kushika, na maji yakasukuma rangi yakaacha duara zenye kingo chafu. Ile ya pili niliitia giza mapema mno, na kilima kikawa gogo. Nikaichana. Bibi mmoja wa jirani aliyekuwa akipita na ndoo yake alisimama akanitazama nikichana, akasema, "Mjukuu wangu, ukigombana na karatasi, karatasi itakushinda. Yenyewe haichoki." Akaendelea na safari yake.

Nilikaa bila kufanya kitu. Nilifumba macho nusu, kama nilivyofundishwa na mtu yule niliyekuwa nikimlaani. Miamba ikayeyuka, mapaa ya mabati yakayeyuka, vikabaki vipande: samawati iliyofifia juu, hudhurungi yenye zambarau kwa chini, na kati yake ule weupe ukiwaka. Hasira haikuondoka. Niligundua tu kwamba ilikuwa imekaa begani na kwenye kifundo cha mkono, na hapo haikuwa na kazi. Nikaishusha hadi machoni. Huko ilinisaidia: ilinizuia kupamba.

Nililowesha karatasi ya tatu kuanzia juu hadi mstari wa kilima, nikaigusa kwa samawati hafifu, nikainua ubao ili rangi iteremke yenyewe. Nikangoja hadi mng'ao wa maji ufifie. Nikapaka mabega ya kilima kwa miguso mifupi, mmoja kando ya mwingine, bila kuichanganya, ili jicho lenyewe liichanganye. Nilipofika kwenye kovu nililizunguka. Sikulichora, nilichora kila kitu ambacho si lenyewe, mpaka likabaki. Ukingo wake mmoja niliuacha mkali, pale ulipokatikia, na ukingo wa chini nikauachia maji, kwa sababu kule udongo ulisambaa. Kisha nikaondoa mkono. Kulikuwa na mahali pengi ambapo vidole vyangu viliniwasha vikitaka kuongeza kitu. Sikuongeza.

Siku ya kutundika, ukumbi wa idara ulinuka vumbi na rangi mbichi ya ukutani. Kila mwanafunzi alikuwa amesimama kando ya picha yake mezani, naye mhadhiri akipita na brashi yake na kisahani cha kijani kile, kwa kazi aliyoiita kumalizia. Alikuwa amevaa koti zuri. Binti mmoja aliyekuwa amechora soko alipandiwa mti kati ya vibanda, akasema, "Ahsante, mwalimu," kwa sauti ambayo haikuwa na mtu ndani yake. Nilimtazama nikatamani kumtikisa mabega.

Alipofika kwangu alisimama. Akaguna.

"Umerudia."

"Nimerudia."

"Na pengo umelirudia."

"Ndiyo, mwalimu."

Kiganja changu kilikuwa kimekwisha kulala juu ya ule weupe kabla sijaamua kukilaza. Karatasi ilikuwa imekauka. Ilikuwa baridi na yenye mikwaruzo midogo, kama ngozi. Brashi ilikuwa imekwisha kuinuliwa. Ilibaki hewani.

"Ondoa mkono."

"Hapana, mwalimu."

Waliokuwa wakipigilia misumari wakashusha nyundo. Katika malezi yetu sote, mwalimu haambiwi hapana, na hata mimi niliposikia neno hilo nilihisi kama limetamkwa na mtu aliyesimama nyuma yangu.

"Binti, sina muda. Ondoa mkono."

"Basi mti wako uupande juu ya mkono wangu."

Tone la kijani likadondoka kutoka kwenye ncha ya brashi, likatua juu ya kiganja changu, likateremka kati ya vidole viwili. Nilivibana visipitishe. Redio, ambaye alikuwa na mti wake ziwani na hakuwa na cha kupoteza, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Mwalimu, mimi bado nina nafasi. Nipandie wa pili, uwe na mwenzake wa kuogelea naye." Hakuna aliyecheka. Nilimsamehe kikohozi chake cha siku ile.

Mhadhiri akaiweka brashi katika kisahani. Alikuwa amekasirika, na nilifurahi kuona kwamba alikuwa amekasirika, kwa kuwa hadi hapo yeye ndiye aliyekuwa na anasa ya utulivu. "Ukumbi huu nimeujenga mimi," alisema. "Picha isiyo na mkono wangu haitundikwi humu. Alama yako unaijua."

"Naijua."

Aliendelea na meza iliyofuata. Jioni hiyo kuta zilijaa picha, na kati ya ziwa la Redio na soko la yule binti ulibaki msumari mtupu.

Mama alifika kwenye maonyesho akiwa amevaa gauni lake la sherehe na mkoba ambao hutoka kabatini kwa harusi peke yake. Sikuwa nimemwambia kwamba picha yangu imekataliwa. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba nitapeleka picha nyingine, naye alikuwa amejibu, "Sawa," kwa mdomo uliobana. Nilimwona akipita ukutani akisoma majina, jina kwa jina, kama anayeita mahudhurio. Alipofika kwenye msumari alisimama. Akalitazama ziwa. Akalitazama soko. Akanigeukia.

"Yako iko wapi?"

"Chini ya meza, ndani ya jalada. Imekataliwa."

"Kwa nini?"

Mhadhiri alikuwa ametuona, akaja kwa tabasamu la kupokelea wazazi, mikono miwili mbele. "Mama mzazi! Karibu sana."

"Ahsante. Shikamoo nilizopewa leo zimenitosha, tupeane habari tu. Na mimi ni mwalimu."

"Aa, mwalimu mwenzangu! Basi utanielewa haraka. Binti yako ana kipaji, simnyimi. Lakini ana kichwa kigumu. Kazi yake ilibaki na pengo kubwa katikati, nikataka kumsaidia. Ilihitaji mti tu."

"Ulikatwa," alisema mama.

"Samahani?"

"Mti. Ulikatwa. Yote ilikatwa."

"Naelewa, mama, lakini katika sanaa tuna—"

"Ule uliompandia mara ya kwanza ninao nyumbani, ukutani kwangu," mama aliendelea, hakupandisha sauti, alisema kama anayeeleza mgawanyo wa sehemu kwa mtoto mzito. "Nimeupenda, na nitaendelea kuupenda, maana nyumba ni yangu na maiti alikuwa wangu. Lakini hapa umeita watu. Mimi nafundisha hisabati, mwalimu. Nikisahihisha daftari la mtoto natumia kalamu nyekundu, ili mzazi akilifungua ajue lipi kaandika mtoto na lipi nimeandika mimi. Wewe kalamu yako ina rangi gani?"

Niliona macho ya mhadhiri yakipita ukutani, juu ya miti yake yote, kwa mara moja, kushoto hadi kulia. Kama aliona kitu, hakukisema. Mtu mmoja akamwita kutoka mbele: mgeni rasmi amefika, hotuba ianze. Akasema, "Mtaniwia radhi," akarekebisha koti, akaondoka.

Mama akanyoosha mkono bila kunitazama. "Ilete."

Niliitoa chini ya meza. Aliipokea, na kwa mara ya kwanza akaiona. Nilijiandaa. Uso wake ulikaza polepole, kuanzia kwenye taya, na nilijua kwamba kilima kile kilikuwa kinamtazama tena, sasa hata hapa, mbali na dirisha la jikoni, na kwamba ni mimi niliyekileta. Hakusema ni nzuri. Hajasema hivyo hadi leo.

"Nikuinulie, tuitundike?" nikauliza. "Msumari upo."

"Nikiitundika ataishusha. Mimi hawezi kunishusha."

Akasimama chini ya msumari, mgongo ukutani, mkoba wa harusi ukining'inia kiwikoni, picha ameishika kifuani kwa mikono miwili. Huko mbele hotuba ilianza. Mhadhiri alieleza jinsi mwanga unavyobadilika na jinsi msanii anavyopaswa kuwa mnyenyekevu mbele ya kile jicho lilichopokea. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilinichoma. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kubandua picha zote moja baada ya nyingine na kuwauliza wenyewe, ninyi, mti huu mliuona wapi? Nilimwona yule binti wa soko akimtazama mama, kisha akiitazama picha yake mwenyewe, kisha akitazama sakafu.

Picha ilianza kumteremka mama kifuani, akaipandisha tena.

"Mama, nipe nishike mimi."

"Wewe umechora. Niache."

Watu wa nyuma walikuwa wameanza kugeuka, kwa kuwa mwanamke mzima aliyesimama ukutani kama picha si jambo la kila siku. Mzee mmoja mwenye tai, ambaye sikumfahamu na ambaye bado sijui alitoka ofisi gani, alisogea hadi karibu sana. Aliinama akakagua karatasi, akanyoosha kidole chake kuelekea ule weupe, kwa adabu, bila kugusa.

"Hapa, mama," alinong'ona, "hapajamalizwa?"

"Hapo ndipo alipokuwa amesimama mdogo wangu," mama alisema, "na jembe."

Mzee yule hakuondoka. Kidole chake kilibaki hewani, kisha akakikunja. Huko mbele walipiga makofi, na mhadhiri akaendelea na habari za mwanga.